Vipimo vya mguu unaouma bila sababu kujulikana: kipi kifanyike, kipi kisubiri

Mguu unauma wiki kadhaa, unatulia, halafu unarudi palepale. Eksirei imepigwa, majibu yakasema hakuna kasoro, dawa ya maumivu ikatolewa na maumivu hayakukoma. Kuanzia hapo wagonjwa wengi hununua vipimo kimoja baada ya kingine, kila kimoja kikubwa kuliko kilichotangulia, na mwishowe wana bahasha nene ya picha na mguu uleule.

Hapa tunazipitia huduma hizo moja moja, pamoja na soli za kuweka kiatuni ambazo watu hununua huku wakisubiri jibu. Kila huduma tumeiuliza inaona nini, inakosa nini, na inafaa kufanywa lini. Swali la lini ndilo linalopuuzwa zaidi, nalo ndilo huharibu kipimo kilicho kizuri.

Ukaguzi wa mikono: nyota 5, ukifanywa kweli

Hakuna mashine inayoshinda dakika 20 za mtu anayeijua kazi. Shida ni kwamba wengi hawapewi dakika 20. Mguu mmoja, kuanzia kifundo kwenda chini, una mifupa 26 na viungo 33, na sehemu mbili zenye magonjwa tofauti kabisa zinaweza kuwa na umbali wa upana wa kidole kimoja tu. Kwa hiyo mtoa huduma asiyekuvua viatu na soksi za miguu yote miwili bado hajakukagua.

Ukaguzi uliokamilika huanza ukiwa umesimama, ukitazamwa kwa nyuma. Kisha unaambiwa uinuke kwa ncha ya mguu mmoja. Kisigino kinapopanda kinapaswa kuelemea ndani kidogo; kikibaki kimelala nje, au ukishindwa kabisa kuinuka, kano inayopita nyuma ya jicho la mguu la ndani ina hitilafu. Hilo halionekani mgonjwa akiwa amelala kitandani, na ndiyo maana hukosekana mara nyingi.

Halafu kidole kinabonyeza. Chini ya kisigino, upande wa ndani kuelekea mbele, ndipo unapoanzia utando wa unyayo. Maumivu makali hapo pamoja na yale ya hatua ya kwanza asubuhi yanatosha kwa kiasi kikubwa kuutaja ugonjwa bila picha yoyote. Lakini kisigino kikibanwa kwa viganja kutoka pande mbili kikauma zaidi kuliko kinavyouma kikibonyezwa kwa chini, wazo linahamia kwenye ufa ndani ya mfupa wenyewe. Maumivu kati ya kidole cha tatu na cha nne, yenye hisia ya kukanyaga kokoto, na yanayopungua ukivua kiatu, huelekeza kwenye neva iliyovimba baina ya mifupa. Hapo mkaguzi hubana mguu kwa pande huku akisukuma kwa kidole kutoka chini, akisikilizia mdundo mdogo. Juu ya mguu, mbele ya kifundo, kuna kibonde kati ya kano. Kikiuma kwa ncha ya kidole, hasa kwa mkimbiaji, usikubali kurudishwa nyumbani na dawa ya kupaka: pale kuna mfupa wa navikula, na ufa wake hupona kwa shida ukiendelea kukanyagiwa.

Kisha zije neva na mishipa ya damu. Kugonga nyuma ya jicho la mguu la ndani: je, shoti inakimbilia unyayoni? Uzi wa nailoni wa gramu 10 na uma wa sauti wa 128 Hz hupima hisia. Mapigo yaguswe sehemu mbili, juu ya mguu na nyuma ya jicho la ndani. Mwisho, kulala chali na mguu ulionyooka ukainuliwa, kwa sababu maumivu ya unyayo yanaweza kutoka mgongoni. Neva iitwayo L5, inayotoka sehemu ya chini ya mgongo, ikibanwa huuma juu ya mguu kuelekea kidole gumba. Ya chini yake, S1, huuma ukingo wa nje na unyayo. Watu wametumia soli za kila aina kwa tatizo lililokuwa kiunoni.

Mgonjwa naye ana sehemu yake. Maumivu yanayokuja na kuondoka yana tabia ya kutoweka siku ya miadi. Yakiwa makali, weka alama ya kalamu kwenye ngozi palepale yanapouma kwa kidole kimoja, piga picha, na kama pamevimba au pamekuwa pekundu piga na mguu mwingine kando yake kwa kulinganisha. Andika saa yalipoanza na yalichukua muda gani kufika kileleni. Beba viatu unavyovaa zaidi, si vile vipya vya kwenda hospitali. Sugu na soli iliyolika upande mmoja vinasema mengi. Beba pia orodha ya dawa. Dawa za presha za kukojoza mkojo hupandisha asidi ya yuriki inayoweza kuleta jongo (gauti), antibiotiki za kundi la siprofloksasini zinaweza kuumiza kano ya kisigino, na metformini ikitumika miaka mingi inaweza kushusha vitamini B12 hadi neva zikaanza kuwaka moto.

Eksirei: nyota 3

Ni ya haraka, inapatikana, na inalaumiwa kwa makosa yasiyo yake. Eksirei ya mguu uliolala mezani haionyeshi jinsi viungo vinavyokaa mzigo wa mwili ukiwa juu yake. Omba ipigwe ukiwa umesimama, na iwe ya pande tatu: kutoka juu, ubavuni, na ya mshazari. Fomu ikiandikwa "maumivu ya mguu" basi, msoma picha atatafuta kuvunjika kukubwa, asione kitu, aandike hakuna kasoro. Fomu ikiandikwa "maumivu ya sehemu moja, mfupa wa pili wa mbele ya mguu, wiki ya tatu, je kuna ufa?" macho yaleyale yataangalia tofauti.

Ufa unaotokana na kukanyaga kupita kiasi, bila kuanguka wala kujigonga, mara nyingi hauonekani kwenye eksirei kwa wiki 2 hadi 3 za mwanzo. Kinachoonekana baadaye si ufa wenyewe bali mfupa mpya unaojijenga kuuzunguka. Daktari wa jeshi la Prussia (dola ya zamani ya Kijerumani), Breithaupt, aliueleza mwaka 1855 uvimbe unaoletwa na hali hii kwenye miguu ya askari wanaotembea mwendo mrefu, miaka 40 kabla mwanafizikia Röntgen hajagundua eksirei mwaka 1895. Aliufahamu kwa macho na vidole, na kidole bado kinaweza kuwahi kabla ya picha. Kwa hiyo eksirei safi ya wiki ya kwanza haimaanishi mfupa mzima. Mguu upumzishwe, picha irudiwe baada ya siku 10 hadi 14, au kama ni navikula iendwe MRI (picha inayopigwa kwa sumaku) moja kwa moja.

Kosa la upande wa pili ni mwiba wa kisigino. Unaonekana vizuri, unatisha kwenye picha, na mgonjwa hutoka akiamini kuna msumari unaomchoma. Watu wengi wasioumwa chochote wanao. Utando wa unyayo ndio unaouma, na mwiba ni jirani yake tu. Upasuaji wa kuuondoa mwiba kwa sababu tu umeonekana ni wa kukataliwa mpaka maelezo ya kina yatolewe.

Altrasaundi: nyota 4 au nyota 1

Inategemea mkono unaoshika kifaa, na ndiyo maana alama ni mbili. Kwa mtaalamu mzoefu wa misuli na viungo, altrasaundi hupima unene wa utando wa unyayo (zaidi ya milimita 4 si kawaida, na upande mwingine upimwe pia), huona maji kwenye ganda la kano, kano iliyochanika, neva iliyovimba kati ya vidole, hata mstari wa fuwele za yuriki juu ya gegedu. Faida yake kubwa ni kwamba mnaongea. Unamwambia "hapo", anaweka kifaa hapo, anakuambia ukunje vidole, na kano inaonekana ikisogea.

Kwa mtu aliyezoea kupima tumbo na mimba, kipimo hichohicho hutoka na sentensi mbili zisizosaidia. Uliza kabla ya kukata miadi kama hupima miguu mara kwa mara. Na fahamu mpaka wake: haioni ndani ya mfupa.

MRI: nyota 4, lakini si ya kuanzia

MRI ndiyo huona mfupa ukiwa umechubuka ndani kabla ufa haujajitokeza, na kwa navikula au kisigino inastahili foleni yake. Tatizo lake ni kuona mno. Wakimbiaji wasioumwa popote hukutwa na unyevu ndani ya mifupa ya miguu. Neva nene kati ya vidole hukutwa kwa watu wasio na malalamiko. Ripoti yenye mistari saba ya kasoro ndogo ni mtego, kwani kila mtaalamu atachagua mstari wake autibu. Kilichoonekana kikubaliwe kuwa ndicho chanzo pale tu kinapolingana na alama ya kalamu kwenye ngozi.

Iagizwe kwa sehemu: mbele ya mguu, katikati, au kisigino na kifundo. Ikiagizwa "mguu mzima" picha hupanuliwa na undani hupotea. Taja vyuma vyovyote mwilini, hasa kifaa cha kuendesha moyo, na jiandae kutotikisika kwa muda, mara nyingi dakika 20 hadi 45. Ukiondoka, dai picha zenyewe kwenye diski, si karatasi ya ripoti peke yake. Maoni ya daktari wa pili bila picha ni maoni kuhusu karatasi.

Kipimo cha asidi ya yuriki na vipimo vingine vya damu

Hiki cha yuriki ndicho kipimo kinachosomwa vibaya kuliko vyote kwenye orodha hii, na kwa pande zote mbili.

Jongo, ugonjwa wa fuwele za yuriki kwenye viungo, hupenda kuanza usiku, mara nyingi kwenye kiungo cha chini ya kidole gumba cha mguu, na hufika kileleni ndani ya saa 24. Hata shuka haivumiliki. Bila tiba hutulia ndani ya wiki moja au mbili, kisha kimya cha miezi. Ndiyo sura halisi ya "maumivu yanayorudi bila sababu". Mgonjwa hukimbilia maabara siku ya pili, yuriki inatoka ya kawaida, anaambiwa si jongo. Lakini wakati wa shambulio yuriki ya damuni inaweza kushuka. Kipimo hicho kirudiwe wiki 2 hadi 4 baada ya maumivu kuisha. Kiwango kinachozidi 360 µmol/L, yaani 6 mg/dL, kwa mtu mwenye mashambulio ya namna hiyo kina uzito.

Upande wa pili: watu wengi wana yuriki ya juu maisha yao yote na hawapati jongo kamwe. Mwenye maumivu ya kisigino ya kila asubuhi kwa miezi sita, akikutwa na yuriki ya juu kidogo, bado ana tatizo la kisigino. Kumkataza nyama na maharage hakutamponya.

Jibu la uhakika hutoka kwenye sindano: maji ya kiungo yavutwe wakati kimevimba, yatazamwe kwa darubini yenye mwanga maalumu wa polaraizi, fuwele zenye umbo la sindano zionekane. Maji hayohayo huchunguzwa bakteria, jambo la lazima kama kuna homa. Kwa hiyo mpango mzuri ni kukubaliana na kliniki mapema kwamba utafika siku mguu unapovimba, bila kusubiri miadi ya mwezi ujao.

Vipimo vingine vya damu vinavyostahili pale hisia ni za kuwaka, kuchomachoma au ganzi kwenye miguu yote miwili: sukari pamoja na HbA1c (wastani wa sukari wa miezi michache), vitamini B12, kazi ya figo na tezi ya shingo. Ugumu wa viungo asubuhi unaozidi nusu saa, au kisigino kilichoanza kuuma wiki chache baada ya kuhara au maambukizi ya njia ya mkojo, unadai ESR na CRP (vipimo vya uvimbe mwilini) na mtaalamu wa baridi yabisi. Lile fungu la vipimo 15 vinavyouzwa pamoja kama "vipimo vya viungo" linapata nyota 1. Kipimo cha rumatoidi kikitoka hasi hakiufuti ugonjwa; HLA-B27, alama ya kurithi inayohusishwa na aina nyingine ya ugonjwa wa viungo, ikitoka chanya haiuthibitishi.

Kipimo cha kasi ya neva: nyota 3

Umeme mdogo unapitishwa, kasi inapimwa. Kina manufaa kutofautisha neva iliyobanwa kifundoni, neva iliyobanwa mgongoni, na neva zilizochoka kwa kisukari. Jambo dogo linaloharibu majibu ni baridi: neva ya mguu baridi hupitisha umeme polepole na huonekana mgonjwa. Ngozi inapaswa kuwa na joto la nyuzi 30 hivi au zaidi. Kama miguu yako ni barafu na hakuna aliyeipasha wala kuipima joto, uliza.

Kinakosa neva nyembamba, zile hasa zinazobeba moto na vichomi. Mtu anaweza kukosa usingizi kwa miguu inayowaka na kipimo kikatoka safi kabisa. Anayebaki na dalili hizo anahitaji kipande cha ngozi cha milimita 3, kinachochukuliwa juu ya jicho la mguu la nje kama sentimita 10, kihesabiwe nyuzi za neva. Si kila mahali hufanywa, lakini kukijua kunamwepusha mtu na kuambiwa maumivu yake ni ya kichwani.

Shinikizo la damu la kifundo likilinganishwa na la mkono ni kipimo kifupi na cha maana kwa wavutaji sigara, wenye kisukari na wazee wanaoumwa wakitembea na kupona wakisimama. Lala dakika 5 hadi 10 kwanza. Uwiano chini ya 0.9 si mzuri. Ukizidi 1.4 usifurahi: mishipa imekakamaa, kitu cha kawaida kwenye kisukari, na kipimo kihamie kwenye kidole cha mguu.

Soli za kuweka kiatuni: nyota 3 kwa za kawaida, nyota 2 kwa za kuagiza

Soli za kupimwa na kutengenezewa zina sifa kubwa kuliko kazi yake. Kwa maumivu ya kisigino, majaribio yaliyozilinganisha na zile zilizo tayari dukani hayakuona tofauti ya maana. Za kuagiza zina nafasi kwa mguu uliopinda sana, kisukari chenye ganzi, au baada ya upasuaji. Wengine waanze na ya tayari iliyo ngumu kiasi katikati. Ile ya jeli laini tupu hupendeza dukani na kubonyea ndani ya muda mfupi.

Zinavyoharibiwa na mtumiaji: soli mpya inawekwa juu ya ya zamani, kisigino kinapanda, kiatu kinachubua na kuteleza. Toa ya zamani kwanza. Siku ya kwanza vaa saa moja au mbili, ongeza saa moja kila siku. Kama ni kabari ya kisigino, iwekwe viatu vyote viwili, la sivyo nyonga italalamika.

Kitufe cha mbele ya mguu, kile cha kutenganisha mifupa kwa wenye neva iliyovimba, huwekwa vibaya karibu kila mara. Hakikai chini ya panapouma. Paka rangi ya mdomo kwenye nukta inayouma, kanyaga ndani ya kiatu, vua. Alama iliyobaki kwenye soli ndiyo mahali pa kuepuka. Ukingo wa mbele wa kitufe ukae nyuma yake milimita 5 hadi 10, kuelekea kisigino. Kikikaa juu ya alama, maumivu huongezeka na kitufe hutupwa kikiwa hakina kosa.

Kiatu chenyewe kwanza, kwa kweli. Kikunje: kipinde pale vidole vinapopinda, si katikati. Kisokote kama kitambaa kinachokamuliwa, kikikubali kabisa kiache. Pima mguu jioni, ukiwa umesimama, na kidole kirefu kibakiwe na nafasi ya sentimita 1.

Soli za sumaku hazina nyota. Zilijaribiwa Marekani dhidi ya soli zinazofanana nazo zisizo na sumaku, matokeo yakachapishwa mwaka 2003, na makundi yote mawili yakapata nafuu sawa. Mashine ya dukani yenye ramani ya rangi nyekundu na bluu huonyesha uzito unapolalia, haionyeshi kwa nini panauma.

Sindano kama kipimo

Dawa ya ganzi ikidungwa kidogo mahali panaposhukiwa, maumivu yakitoweka kwa saa moja au mbili, sehemu imepatikana. Ni matumizi mazuri na hayatumiki vya kutosha. Steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, ni habari nyingine: ikirudiwarudiwa kisiginoni inaweza kukondesha mto wa mafuta na kukata utando. Kabla yake jaribu kunyoosha. Kaa, weka mguu unaouma juu ya goti la pili, vuta vidole kuelekea ugokoni mpaka kamba ya unyayo ikaze chini ya kidole cha mkono wa pili, hesabu 10. Mara 10, awamu tatu kwa siku, na awamu ya kwanza iwe kabla ya kukanyaga sakafu asubuhi. Nafuu hupimwa kwa wiki 8, si kwa siku.

Kuna hali ambazo hazingoji orodha hii. Mwenye kisukari na mguu mmoja uliovimba, mwekundu na wa moto kuliko mwenzake, hata usipouma, aache kuukanyagia na aonwe siku hiyohiyo, maana mifupa inaweza kuwa inasagika bila yeye kuhisi. Vivyo hivyo mguu uliogeuka baridi na mweupe ghafla, kiungo kilichovimba pamoja na homa, shavu la mguu lililovimba upande mmoja, au udhaifu wa mguu unaoandamana na kushindwa kuzuia mkojo. Na mguu unaobadilika rangi, joto na jasho, usiovumilia hata soksi baada ya jeraha dogo, upelekwe kliniki ya maumivu mapema. Ugonjwa huo hutambuliwa kwa dalili na ukaguzi, na kila mwezi wa kusubiri picha nyingine ni mwezi wa mguu kukakamaa.